Kijani

Mimi ndiye niliyeipaka kijani.
Ijumaa, saa kumi na dakika zake,
ploti zimejaa kwenye skrini kama meno ya kitana,
bosi akaniambia, "Weka nafasi ya umma,
kaunti wasije wakaturudishia mchoro."
Nikatafuta kona isiyofaa nyumba,
pembetatu yenye shimo, maji ya mvua hulala hapo,
nikabofya.
Ikawa bustani.
Miti ishirini, viduara ishirini, yote imekomaa siku hiyohiyo.
Njia nikaipinda kama nyoka aliyeshiba
maana mnunuzi hupenda kuona kitu kimepinda.
Nikaenda kunywa chai.

Miaka minne ikapita, nikahamia hukohuko Ruai,
D tisa, mkopo wa miaka kumi na minane,
na dirisha la jikoni likaangukia pembetatu yangu.
Kokoto. Mfuko wa saruji uliogandia ndani.
Udongo mweusi ule,
kiangazi hupasuka ukameza mpira wa mtoto,
masika hukuvua kiatu na kukataa kukirudisha.

Sikumwambia mtu.

Mkutano wa wakazi, viti vya plastiki juani.
Bwana Khaemba kishapiga hesabu: magari kumi na manne yanaenea.
Mchungaji Ngunjiri anaomba hema, hema tu,
la mwaka mmoja.
Kwamboka wa C nne, muuguzi, bado ana sare ya usiku,
akasimama:
"Watoto wenu wanachezea ngazi, mlangoni pangu.
Mimi hulala mchana.
Jengeni hiyo bustani nipate usingizi."
Tukahesabu mikono. Thelathini na mmoja kwa ishirini na sita.
Shilingi mia mbili na hamsini kila nyumba kwa mwezi:
nusu hulipa,
nusu hutuma ujumbe wa udhuru, wengine na aya ya Biblia.

Musembi alitoka Mwingi na jembe lake mwenyewe
na swali moja.
"Maji yatatoka wapi?"
Nikatazama chini.
Katika mchoro wangu hapakuwa na bomba.

Na ile njia ya nyoka, hakuna aliyeifuata.
Watu walikata moja kwa moja, lango hadi kwa muuza maziwa,
wakaacha mstari mwekundu wa vumbi la barabarani
juu ya nyasi tulizonunua kwa mita.
Mimi nikataka seng'enge.
Musembi akacheka hadi akashika kiuno.
"Mguu haudanganyi, bosi.
Panda pale wasipopita."
Akazoa kokoto za mkandarasi, akazimwaga kwenye mstari ule,
na njia yangu akaipanda viazi vitamu.

Kati ya miti ishirini, saba ipo.
Mbuzi wa ng'ambo wana yao minne.
Miwili iling'olewa usiku, kwa ustadi, na udongo wake,
nadhani inaishi vizuri mahali fulani.
Mingine ilikufa tu.
Lakini kwenye shimo, pale nilipoona kasoro,
Musembi alichomeka mkuyu.
"Huu haunywi kwa kikombe," alisema,
na sasa umenipita mabega.

Jana jioni Kwamboka alikuwa kwenye benchi,
viatu amevua, anasubiri zamu.
"Hivi ni nani aliyechora hiki kitu
asiweke hata mfereji?"
Nilikuwa na mtungi wa lita ishirini kila mkono.
Nikasema, "Watu wa ofisini,"
nikaendelea na safari.

Rangi niliyoipaka kwa kidole kimoja,
huu mwaka wa tatu ninaipaka kwa mitungi
na bado sijafika ukingoni.
Mwarobaini wa kwanza. Wa pili.
Wa tatu Musembi kanikataza, ati nitauozesha mizizi.

Bembea ya kulia imekatika mnyororo.
Fundi ameahidi kuja Jumamosi.
Hakusema ipi.